Skidi pleti, hendigadi na krashi baa za kuagiza nje: alumini, plastiki au zile zisizo na jina? Naomba ulinganisho

Matope250
Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya Honda CRF300L, haina kinga yoyote ya maana zaidi ya ile ndogo ya kiwandani. Juzi nilikuwa napanda korongo la mawe, tairi la mbele likapita vizuri nikajua nimemaliza, mara nasikia ko! chini ya miguu. Nikazima, nikailaza pembeni na kuchungulia, jiwe limechimba alama kwenye alumini ya injini, upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye nati ya kumwagia oili. Nilikaa pale chini kama dakika kumi nawaza ingekuwaje kesi ya injini ipasuke nikiwa peke yangu na simu haishiki mtandao.

Kwa hiyo nataka skidi pleti (sahani ya kukinga injini kwa chini), hendigadi (kinga za mikono kwenye usukani), na hela ikitosha krashi baa (vyuma vya kukinga ubavu pikipiki ikianguka) au kinga ya rejeta. Nilipo hazipatikani, lazima niagize nje. Naona njia tatu: moja ni duka kubwa la mtandaoni lenye chapa nyingi, nachukua vyote kwa mkupuo; ya pili ni kwenda kwa watengenezaji wenyewe, mfano SW-Motech Ujerumani, B&B Off Road au Barkbusters Australia, AXP Ufaransa; ya tatu ni zile zisizo na jina kwenye masoko ya mtandaoni, bei kama robo ya hizo zingine na picha ni zilezile kwa wauzaji kumi. Waliowahi kuagiza naomba mnisaidie, ipi ina unafuu wa kweli ukishahesabu na nauli?

Spana13
Mkuu pole, ila shukuru hiyo alama imebaki alama.

Mimi ni fundi, na kabla hujaniuliza chapa mimi nakuuliza mwaka. Zile CRF250L za 2013 mpaka 2020 fremu yake siyo hiyo yako, 300L ilipotoka 2021 fremu ilibadilishwa, na wapo wauzaji wanaandika "CRF250L/300L" kwenye tangazo moja bila aibu. Niliwahi kuletewa skidi pleti ya namna hiyo nimfungie mteja, tundu la kumwagia oili limekaa pembeni ya nati kwa upana wa kidole, na mabano ya nyuma hayafiki kwenye fremu. Ilibidi nitoboe upya, na kila alumini inapotobolewa ovyo karibu na kona ndipo ufa unapoanzia baadaye. Muuzaji akasema rudisha, nauli ya kurudisha ni yako. Hapo ndo hasara ilipo, siyo kwenye bei ya kwanza.

Watengenezaji kama SW-Motech na Barkbusters wanaweka maelekezo ya kufunga kwenye tovuti zao, unayafungua hata kabla ya kununua. Unaona boliti zipi, mabano yanashika wapi, kama unatakiwa kufungua kitu kingine. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hata karatasi moja ya kufunga mimi sinunui kwake, hata abembeleze vipi.

Kiki_njia_nyembamba
Nakubaliana na Spana. Mimi naongezea kwenye nauli maana hapo ndo nilipopigwa mara ya kwanza.

Kampuni za kusafirisha haraka hazipimi uzito peke yake, zinapima na ukubwa wa boksi. Chukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, unapata kilo. Wanakutoza ile kubwa kati ya hiyo na ya mizani. Sasa fikiria krashi baa zimefungwa kwenye boksi la 60 kwa 45 kwa 30, hiyo ni kilo 16.2 za nauli, wakati chuma chenyewe mizani inaweza kusoma 6 au 7. Unalipia hewa! Skidi pleti kwenye boksi la 50 kwa 40 kwa 20 ni kilo 8. Hendigadi boksi la 40 kwa 25 kwa 15 ni kilo 3 tu.

Kwa hiyo duka la pamoja lina faida kubwa kama watakubali kupanga vitu vidogo ndani ya skidi pleti. Ile sahani ina tumbo, hendigadi na kinga ya rejeta zinalala humo humo. Waandikie uwaombe, mimi niliwaombea hivyo na boksi likabaki moja badala ya matatu. Ukinunua kwa watengenezaji watatu nchi tatu unalipa nauli tatu na mizunguko mitatu ya forodha, hata kama kila bei ya bidhaa ni ndogo kidogo.

Na forodha usisahau, nchi nyingi zinapiga ushuru kwenye bei ya mzigo ukijumlisha na nauli na bima, siyo bei ya mzigo peke yake. Vipuri vya pikipiki viko chini ya msimbo wa forodha 8714.10, mwambie muuzaji auandike kwenye ankara maana mzigo ulioandikwa "vitu vya chuma" unakaa ukisubiri maelezo. Muuzaji akijitolea kuandika bei ya chini ili ulipe kidogo kataa, ni kosa kisheria na mzigo ukipotea utalipwa hiyo hiyo bei ya chini.

Mzee_wa_Rejeta
Vijana mmezungumza vizuri. Mimi nimetumia alumini miaka mingi halafu nikahamia plastiki, ngoja niseme nilichokiona.

Alumini ni nzuri kwa mawe makubwa na uzito wa pikipiki ukiwa juu yake. Ikipigwa inabonyea, unaitoa, unaigonga, unarudisha. Ubaya wake ni kelele, inachukua mlio wa injini na kuutupa juu kwako, ukiendesha kutwa nzima unasikia kama umepanda debe. Ukichagua alumini uliza ni aina gani, maana 5052 inakunjika vizuri bila kupasuka na 6061-T6 ni ngumu zaidi ila sehemu iliyochomelewa inapoteza ugumu wake. Nimeona ya 6061 imekatika palepale pembeni ya mshono wa kuchomelea, katikati iko salama kabisa.

Plastiki, naongelea HDPE nene kama za AXP siyo plastiki ya beseni, inateleza juu ya jiwe badala ya kukwama. Hiyo tofauti utaisikia siku ya kwanza kabisa, pale alumini inapokwaruza na kushika hii inapita. Kelele hakuna. Lakini inapinda, kwa hiyo lazima pawe na nafasi kati yake na injini, ikigusana na kesi basi jiwe linapiga injini kwa kupitia plastiki. Na HDPE inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto kama 130, bomba la ekzosi likipita karibu sana utakuta limechora mfereji.

Zote mbili zinabeba matope. Ukishapita kwenye tope la kushika, mwagia maji humo ndani siku hiyohiyo, yakikauka yanakuwa tofali linalozuia hewa na kuficha oili inayovuja. Angalia sahani yenye matundu ya kutolea matope, ila yasiwe makubwa kiasi cha jiwe kuchomoza.

Bonde_la_Mawe
Mimi nitetee kidogo zile zisizo na jina maana siyo kila mtu ana hela ya Ujerumani. Nilinunua kinga ya rejeta isiyo na jina, ile ya wavu wa alumini, miaka mitatu iko palepale inapokea kokoto na haina shida. Kitu chenyewe ni bapa, kina boliti chache, hakibebi uzito.

Lakini hendigadi... hapana. Nilichukua pea ya bei chee, kwa macho ni zilezile, baa ya alumini inazunguka mpaka mwisho wa usukani. Nilianguka taratibu tu kwenye mchanga, mwendo wa kutembea, kile kibano cha ndani kikapasuka vipande viwili kama biskuti, baa ikajikunja ikabana vidole vyangu na wenzo wa klachi. Wenzo haukukatika, kidole kilivimba wiki mbili. Nilipookota kile kipande nikakiangalia kwenye mpasuko, ndani kimejaa vitundu vitundu kama mkate. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachokaa kati ya ardhi na mkono wangu nanunua cha mtengenezaji anayejulikana, na ningependa wote humu mfanye hivyo jamani, mkono ukivunjika porini hata kurudi ni tabu.

Spana13
@Bonde hapo umesema kweli tupu. Hiyo ni alumini ya kumimina iliyoingiwa hewa, kwa nje rangi inaficha kila kitu.

Matope, kwenye hendigadi pima usukani wako kwanza. Kuna wa milimita 22 na kuna mnene wa 28.6, vibano ni tofauti. Halafu chungulia ncha za usukani, nyingine zina uzito ndani unaotakiwa kutolewa ndipo kishikizo cha hendigadi kiingie, ndiyo maana kuna seti maalum kwa modeli maalum. Ukichukua ya jumla, ile inayosemwa inaingia pikipiki zote, utakesha.

Matope250
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko wiki nzima ya kusoma matangazo. Nimepima, usukani ni 22. Sasa krashi baa vipi, nichukue au niache?

Mzee_wa_Rejeta
Acha. Pikipiki yako ni kilo 142 tu, ni nyepesi. Rejeta ni moja na iko kushoto, ilinde hiyo kwa kinga yake, ukiangukia kushoto ndipo utakapoumia. Krashi baa zinaongeza kilo kadhaa juu, na zikikwama kwenye jiwe nguvu yote inaenda kwenye sehemu ya fremu zilipofungwa. Bora baa ipinde kuliko fremu, lakini huchagui wewe.

Kiki_njia_nyembamba
Mzee kwa heshima, inategemea safari. Mimi nabeba mizigo na natembea sana barabara za changarawe, pale pikipiki inateleza kwa ubavu mwendo mkubwa, krashi baa ziliniokolea rejeta na mguu mara moja na sijutii nauli niliyolipa. Ila kwa makorongo ya mawe kama anavyoeleza Matope, mwendo mdogo na kuangukaanguka, hapo nakubali aziache.

Matope250
Basi nimeamua. Skidi pleti ya alumini kwa sababu mawe ya kwetu ni makubwa na nakaa juu yake mara nyingi, hendigadi za Barkbusters za modeli yangu yenyewe siyo za jumla, na kinga ya rejeta. Vyote duka moja. Nimeshawaandikia wapange hendigadi na kinga ya rejeta ndani ya tumbo la skidi pleti na wanitumie vipimo vya boksi kabla sijalipa. Krashi baa nimeziondoa kwenye kikapu.

Spana13
Safi. Ikifika weka boliti zote kwa vidole kwanza, usikaze hata moja mpaka zote zimeingia, halafu kaza kwa kupishanisha. Vibano vya wenzo wa breki na klachi usivikaze mpaka mwisho, viache vizunguke kidogo ukianguka. Na ukitoka safari ya kwanza kaza tena zote, moja au mbili lazima utazikuta zimelegea.