Kampala–Hoima–Fort Portal–Mubende kwa siku tano: tuanzie wapi?

msafiri_ntinda
Habari zenu ndugu zangu. Tuko wanne, gari dogo la kukodi, si fowili, siku tano katikati ya Julai. Tunataka kuona makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, makaburi ya wafalme wa Bunyoro pale Mparo kule Hoima, chumvi ya Kibiro, Fort Portal, mti wa Nakayima Mubende, na ngome ya kale ya Bigo bya Mugenyi ikiwezekana. Wazo langu lilikuwa kutoka asubuhi na kurudi kulala Kampala kila siku, ili tulipie chumba kimoja tu. Mnaonaje? Na mafuta tutenge lita ngapi?

dereva_wa_mityana
Kulala Kampala achana nako. Utakachookoa kwenye chumba utakimwaga kwenye mafuta na jamu ya Nansana na Busega, milango ya kuingilia mjini.

Pigeni mzunguko mmoja. Kampala–Hoima kupitia Kiboga ni kama kilomita 200, Hoima–Fort Portal kupitia Kagadi na Kyenjojo karibu 200 tena, Fort Portal–Mubende 150, Mubende–Kampala 150. Barabara kuu zote hizo ni lami, gari dogo linatosha. Jumla 700, ongeza 150 za kuchepuka, 850. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa kama lita 71. Mkiwa wanne na mizigo, tenga 80. Jazeni tangi mkiwa mjini, msingoje taa iwake katikati ya Hoima na Kyenjojo.

Anzieni Hoima, kwa sababu Kasubi iko upande huo huo wa kutokea. Saa mbili asubuhi magari yanaingia mjini, nyinyi mnatoka. Akina dada wavae sketi ndefu au wafunge kanga, maana suruali itawakwamisha getini, na viatu vinavuliwa. Nyumba kubwa, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea Machi 2010, na UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Ulizeni kwanza sehemu gani mnaruhusiwa kuingia na kupiga picha.

Halafu msiiache Mparo, hata muda ukibana. Mwanga, mfalme wa Buganda, na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, walikamatwa pamoja na Waingereza mwaka 1899 na wote wakapelekwa Ushelisheli. Mwanga amelala Kasubi. Kabalega alifia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao, akazikwa Mparo, nje kidogo ya Hoima kwenye njia ya Masindi. Ukiyaona makaburi hayo mawili ndani ya siku mbili, historia inakaa sawa kichwani.

Akiiki_Kagadi
Naunga mkono. Nyongeza ni Kibiro, kwa sababu ndiko watu wanakokosea. Gari liacheni juu ya ukingo wa bonde la ufa, mshuke kwa miguu hadi Ziwa Albert. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda saa sita mchana. Anzeni kushuka saa moja asubuhi, kila mtu na lita 3 za maji na kofia.

Kina mama wa kule hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, udongo unanyonya, wanaukusanya, wanauchuja kwa maji, kisha maji yale yanachemshwa mpaka chumvi ibaki. Mvua ikinyesha udongo haukauki na kazi inasimama. Ndiyo maana Julai ni afadhali kuliko Aprili. Mparo iwekeni alasiri ya siku hiyo hiyo.

Fort Portal lala usiku mbili. Nendeni kwenye pango la Amabere ga Nyina Mwiru na viatu vyenye meno, kuna utelezi. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo mtoto Ndahura, mfalme wa kale wa hadithi, alilishwa matone ya jiwe baada ya mama yake kukatwa matiti. Nakayima, wa ule mti wa Mubende, anahusishwa na huyo huyo Ndahura. Kwa hiyo anzeni Fort Portal, Mubende ifuate. Mkigeuza mtasikia mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo.

Mkiulizwa empaako yenu, yaani jina la heshima la huku, na hamna, semeni tu hamna, mtapewa. Ila Okaali msijiite, hiyo ni ya Omukama, mfalme.

msafiri_ntinda
Asanteni sana. Na Bigo? Kwenye ramani naona iko jirani na Mubende kabisa.

dereva_wa_mityana
Jirani kwa ndege. Katikati kuna kinamasi cha Katonga, na Bigo iko ng'ambo, upande wa kusini. Njia ya kawaida ni Masaka–Sembabule–Ntusi, na kipande cha mwisho ni udongo. Hiyo ni safari nyingine kabisa, siku mbili peke yake, na gari lenu likigusa matope halitoki.

Akiiki_Kagadi
Na hata ukifika bila mwenyeji utarudi ukinung'unika. Watu hutarajia kuta, kumbe ni mahandaki, zaidi ya kilomita 10, na nyasi zimeyafunika. Unaweza kusimama juu ya tuta na usijue. Chukueni mtu wa kuwaongoza pale Ntusi, awaonyeshe pia vilima vya mifupa ya ng'ombe na lile bonde lililochimbwa, Bwogero.

Siku ya tano tokeni Fort Portal saa kumi na mbili asubuhi. Mtapanda kwa Nakayima kama saa tatu na nusu, mvue viatu chini ya mti, msiguse sadaka za watu, na saa sita muwe barabarani. Mkichelewa, Busega itawapokea saa kumi na moja jioni.

msafiri_ntinda
Bigo naiweka Januari basi. Vyumba: Hoima usiku mbili, Fort Portal mbili.