Kukata mng'ongo kupigwe marufuku, au aachiwe mwenye shamba?

Mleta hoja (Magu): Toka Mwanza uelekee Magu, au kata kwenda Misungwi. Mng'ongo, mti wa matunda ya porini, utauona umesimama peke yake katikati ya pamba au choroko, mbuzi wamejaa kivulini. Angalia vizuri: mizee mitupu. Mche huoni. Kidunia mti huu hauhesabiwi kuwa hatarini, maana unaota kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, lakini mti unaweza kujaa barani na bado ukaisha kijijini kwenu.

Sasa wapo wanaotaka halmashauri zetu zipige marufuku kabisa kuukata, hata ukiwa ndani ya shamba la mtu. Mimi napinga.

Marufuku huzuia shoka, na shoka si adui pekee. Tunda huanguka likiwa bado kijani, likaivia chini mpaka njano, na kokwa lake lina mbegu mbili tatu zenye mafuta. Zinaota vizuri tu. Kisha plau inapita. Mche ukinusurika plau, unakutana na mbuzi. Ukimponyoka mbuzi, kuna moto wa kusafishia shamba. Na mkulima akishasikia kwamba mti ukikua utamdai kibali, ataung'oa mwenyewe ukiwa haujafika magotini. Sheria ya Misitu ya 2002 tayari inampa waziri uwezo wa kutangaza mti kuwa wa hifadhi popote ulipo. Tunataka kuongeza woga mwingine?

Tazameni majirani zetu wa Shinyanga. Miti ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupisha pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 haukutegemea askari. Ulirudi kwenye ngitili, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, kama wazee walivyokuwa wakifanya. Visiki vilikuwa hai, vikachipua. Mpaka mradi unaisha 2004, ngitili zilizidi hekta 300,000. Aliyelinda ni mwenye mali na sungusungu wa kijiji chake.

Mstaafu wa misitu (Misungwi): Mwangaluka, ndugu yangu. HASHI unaisifu nusu. Ngitili zilikuwa na adhabu, na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikaa ikapanga faini. Hiyo nayo ni marufuku, ila imevaa msuli badala ya sare. Ukimwachia mwenye shamba peke yake, mwaka wa ukame atauza. Mti wa miaka sitini haushindani na ada ya shule.

Tena kuna jambo hukuligusa. Mng'ongo una dume na jike. Dume hutoa maua, halizai, kwa hiyo ndilo linaloanza kukatwa: "halina faida". Kata madume yote ya kitongoji, halafu mje mniulize kwa nini majike yamesimama bila tunda. Hilo mkulima mmoja mmoja hawezi kuliona kutoka shambani kwake. Linataka sheria.

Mbanika samaki (Kayenze): Mnabishana kuhusu mashamba, wenye kuni tupo mwaloni, samaki wanakoshushwa. Dagaa namwanika juani, hana gharama. Sangara ana mafuta, jua halimuwezi, lazima moshi, na tangu aletwe ziwani karne iliyopita moshi huo unatoka kwenye miti ya huku huku. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Sawa, shule itanunua mtungi wa gesi. Sangara wangu nimbanike kwa mtungi? Nipeni kuni za kupanda kwanza, marufuku ije baadaye.

Mama wa Kwimba: Nawauliza nyote wanaume: huyo "mwenye shamba" ni nani? Shamba ni la mume wangu. Kokwa tunaokota mimi na watoto, na tunazipasua kwa mawe sisi. Fundi vinu akija na hela yake, mti unauzwa, mimi nasikia shoka tu. Mleta hoja anasema mwenye mali atalinda mali yake. Mali hiyo ina wenyewe wawili, na mmoja haitwi kwenye mazungumzo.

Mleta hoja: Mama, hapo umenibana, na Mzee wa Misungwi kwa habari ya madume sina la kumjibu. Basi naipunguza hoja yangu: sheria ndogo ya kijiji, si ya halmashauri, itungwe kwenye mkutano ambao kinamama wamo. Dume lisikatwe bila kikao, na hakuna mng'ongo unaouzwa bila mke kukubali. Lakini hata hiyo inalinda mizee tu. Mche wa leo unahitaji kuzungushiwa miiba ya mgunga miaka kadhaa, na hapo plau inapoteza hatua kadhaa za mraba za pamba. Kabla hatujapiga kura, nataka nisikie: hasara hiyo anaibeba nani?

Mbanika samaki: Sio mimi.

Mama wa Kwimba: Miiba naleta. Hatua za mraba kamuulizeni mume wangu.