Naomba ushauri: Land Rover iliyolala shambani miaka mingi

Wakuu, habari za muda huu. Nimepata Land Rover Series III, ile ya injini ya petroli ya cc 2,286, imelala shambani hadi nyasi zimeota kupitia sakafuni. Bodi haina neno, ni aluminiamu. Wasiwasi wangu ni chesisi (fremu ya chini inayobeba gari), maana hiyo ni chuma: nikigonga kwa nyundo kule nyuma zinakoshika springi, mlio ni bubu na kutu inamwagika kama majani ya chai.

Injini imekwama. Nimetoa plagi zote nne, nikamimina oili nyepesi kwenye kila silinda, leo siku ya tatu. Nikizungusha kwa hendeli ya mbele inasogea kidogo tu, kisha inagoma. Niendelee kusubiri au nifungue silinda hedi moja kwa moja? Naogopa kulazimisha nikavunja ringi za pistoni.

Tangi linanuka kama vanishi, nitalishusha. Breki sijazigusa. (Panya wamekula nyaya, lakini hilo la baadaye.)

Na chesisi je, kuchomelea viraka kunatosha, au nitafute nyingine kabla sijamwaga hela kwenye injini? Aliyewahi kufufua gari la namna hii anisaidie.