Krismasi Moshi na watoto watatu: barua ya baba, na je, nipite Namanga au KIA?

Kutoka: Mama Aika, Ujerumani

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine wote. Naandika nikiwa bado nina hasira, mnisamehe.

Mwaka huu nimedhamiria Krismasi tuile Machame. Mama yangu hajawahi kumpakata mtoto wangu wa mwisho, na magoti yake siku hizi yanamsumbua, hawezi tena hata kushuka sokoni Kwa Sadala. Hela haitoshi kwa tiketi tano, kwa hiyo baba yao anabaki kazini, naenda mimi na watoto. Watoto wana pasi za Kijerumani na jina la ukoo la baba yao. Mimi nina pasi yetu ya Tanzania na jina la kwetu. Nimeambiwa nibebe barua ya ridhaa ya baba, yenye muhuri.

Leo nimeenda ofisi moja ya mji huu tunaoishi. Dada wa dirishani ameishika barua kwa ncha za vidole, akasema imeandikwa Kiingereza na yeye hagongi muhuri kwenye karatasi ya lugha ya kigeni, niende kwa mwanasheria. Mwanasheria amenitajia bei inayokaribia kulipa viza ya mtoto mmoja.

Naombeni kujua: hiyo barua huwa mnagongewa wapi? Na pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huwa wanaiuliza? Halafu kuna jamaa ananishauri tutue Nairobi tupande basi la kupitia mpaka wa Namanga, eti nitaokoa hela nyingi. Bajeti yangu imebana kwelikweli.

---

Kutoka: Kaka wa Kibosho, Uingereza

Pole dada. Huyo jamaa yako kasema kweli, Nairobi ndiyo njia. Tiketi ya JKIA, uwanja wa Nairobi, huwa chini kuliko ya KIA, hasa Desemba. Ukishuka unapanda basi, baada ya masaa matano au sita uko Arusha, jioni uko Moshi unakula ndizi. Kwa watoto chukua ile viza moja ya Afrika Mashariki, dola 100, mnazunguka kote.

---

Kutoka: Baba Eliya, Arusha

Kaka, usimpotoshe mama wa watu. Mimi kazi yangu ni kupokea wageni hapa Arusha, Namanga naijua kama uani kwangu. Viza hiyo ya pamoja ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Familia ikija na viza hiyo inalipa upya pale mpakani, na watoto wanasinzia juu ya mabegi wakati mama anatafuta dola.

Mama Aika, piga hesabu hivi. Kenya tangu Januari 2024 inadai eTA, kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni, dola 30 kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye anahesabiwa. Wewe mwenye pasi ya Tanzania hudaiwi, ila watoto watatu ni dola 90. Viza ya Tanzania iko palepale, dola 50 kila mtoto, upite KIA au Namanga. Juu ya hapo weka nauli ya basi, chakula cha njiani, na ndege ikichelewa weka na chumba cha kulala Nairobi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hawalisemi: homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo anayetoka huko anatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla. Ukija moja kwa moja kutoka Ulaya hadi KIA hudaiwi. Kwa mtu mmoja mwenye pasi yetu na begi moja, Nairobi inalipa. Kwa mama peke yake na watoto watatu wa pasi za nje, hailipi.

---

Kutoka: Kaka wa Kibosho, Uingereza

Sawa kuhusu viza, lakini punguza ukali, Baba Eliya. Na cheti hicho siku hizi ni cha maisha, sindano moja basi, toka 2016. Si hasara kuwa nacho.

Mimi nauliza kitu kingine. Kwa nini watoto walipe viza kabisa? Sheria yetu ya uraia ya 1995 inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa pande mbili mpaka afike miaka 18. Mama ni Mtanzania wa kuzaliwa. Wakatiwe pasi za kwetu, waingie kama wenye nyumba.

---

Kutoka: Shangazi wa Marangu, Marekani

Kaka, kwa maneno ni rahisi. Kwa mwanangu nilidaiwa cheti changu cha kuzaliwa kutoka RITA, wale wa vizazi na vifo, namba yangu ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, cheti cha ndoa, na kila nikipeleka kimoja wanakumbuka kingine. Mimi nilizaliwa nyumbani, mkunga alikuwa bibi, cheti nilikuja kukipata ukubwani. Namba ya NIDA niliifuata Moshi kwenye likizo, nikapanga foleni na watu wenye vichanga mgongoni. Hadi pasi inatoka, mtoto alikuwa keshapita 18, hana haki nayo tena. Mama Aika, kama tiketi ni za Desemba hii, lipa viza uende zako, pasi zianze mwakani. Na shukuru wako ni Wajerumani. Wa kwangu Wamarekani wanalazimishwa ile ya dola 100 kila mmoja.

Linaloniuma ni hilo la miaka 18. Mtoto anajua mtori, anajua kusalimia wazee, siku moja asubuhi anaamka ni mgeni.

---

Kutoka: Mzee wa Rombo, Ujerumani

Shangazi umenigusa. Huku Ujerumani tangu Juni 2024 hawamtaki tena mtu arudishe uraia wake wa zamani. Kwa hiyo kinachonizuia sasa ni sheria ya nyumbani: nikichukua wa huku, wa kwetu unakoma. Tunaambiwa habari za hadhi maalumu kwa diaspora. Nimeisoma, ina mazuri yake, lakini mimi kihamba, shamba letu la ukoo, nimeachiwa na baba yangu, na baba yangu kazikwa humo humo. Sitaki kadi ya kuniruhusu kumtembelea. Wabunge wetu tuliowachangia wakati wa kampeni walisemee hili.

---

Kutoka: Dada wa Old Moshi, Uholanzi

Tusimsahau mwenye swali. Mama Aika, angalia na tiketi za Dar, halafu panda treni mpya ya umeme hadi Moshi, watoto watafurahi.

---

Kutoka: Baba Eliya, Arusha

Dada, treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma. Ya Moshi ni ile ya zamani iliyorudi Desemba 2019, inatembea usiku kucha na haitoki kila siku. Basi la Dar wiki ya Krismasi nadhani wote mnalijua: stendi ya Magufuli pale Mbezi imefurika, nauli zinapandishwa kinyemela, LATRA, wasimamizi wa usafiri, wanahangaika. Asipeleke watoto huko.

Atakayepita Addis naye aangalie muda wa kuunganisha ndege. Ukikaa pale zaidi ya masaa 12, cheti cha manjano kinakuhusu.

---

Kutoka: Mama Aika, Ujerumani

Nawashukuru sana, aika mbe. Nairobi nimeifuta. Viza nitaomba mtandaoni. Lakini barua jamani? Sijajua bado nani wa kuigonga.

---

Kutoka: Shangazi wa Marangu, Marekani

Omba kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, inayoishia go.tz. Kuna nyingine zimejipamba kwa bendera yetu, zinakutoza mara mbili.

Bajeti ya tiketi ni nusu tu ya safari, mwanangu. Nusu ya pili inakusubiri nyumbani. Desemba ndio mwezi wa harusi, ubarikio na vikao vya ukoo. Utatua na orodha ya simu walizokuagiza watoto wa kaka zako, utakuta mchango wa kujenga makaburi, na jirani aliyefiwa wiki hiyo. Mimi siku hizi nampigia kaka yangu mkubwa mwezi mmoja kabla, namwambia: nina kiasi hiki, kigawe wewe. Mbuzi ananunua yeye, tena mapema, maana ikikaribia tarehe 20 bei ya mbuzi haishikiki. Watu wanaheshimu neno la kaka kuliko la mgeni kutoka Marekani. Hilo limeniokolea hela kuliko tiketi yoyote ya bei nafuu.

---

Kutoka: Mzee wa Rombo, Ujerumani

Na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, mnywe kikiwa cha moto, siku hiyo hiyo. Huku nimejaribu kupika kwa mbuzi wa kununua, haiwi.

---

Kutoka: Kaka wa Kibosho, Uingereza

Nani mwingine anatua KIA wiki ya mwisho kabla ya Krismasi? Teksi za usiku pale zinaumiza. Tukiwa familia mbili tunakodi Noah moja mpaka Moshi mjini, nafasi ya mizigo ipo juu.

---

Kutoka: Baba Eliya, Arusha

Noah haitoshi familia mbili na mabegi ya Ulaya. Nitafuteni, naweza kuwapatia Hiace na dereva ninayemwamini.