Tupeane uzoefu: chujio laini kwenye tangi la samaki, unalitumiaje na unalitunzaje?

Kisima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaofuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba na tumeshawahi kufunga chujio laini, lile linalonasa vumbi ambalo sponji ya kawaida inaliacha lipite. Iwe pamba nyeupe, pedi ya mikroni, katriji ya kukunjwa au chujio la unga wa diatomu, wote karibuni. Maneno ya kwenye boksi tumeshayasoma. Hapa leta uliyoyaona kwa macho yako.

Nafungua mimi. Nina samaki wa chini, wale wenye sharubu, na kutwa kazi yao ni kuchokora mchanga. Ukitazama tangi mchana utasema maji ni safi kabisa. Zima taa usiku, mulika tochi kutoka ubavuni: mwanga unachora mstari mweupe ndani ya maji, na humo vumbi linapanda na kushuka. Hapo ndipo nilipoamua kuweka pedi laini. Usiku uliofuata nilimulika tena, mstari umefifia mpaka nisogeze tochi kwenye kioo ndipo niuone. Tangu hapo kipimo changu ni tochi, macho ya mchana siyaamini.

Jicho letu linaishia kwenye kama mikroni 40 hivi (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), na vumbi linalotia maji ukungu mara nyingi ni dogo kuliko hapo. Chembe mojamoja huioni, unauona ukungu wake.

Pedi yangu inakaa mwisho kabisa kwenye kanista (chujio la kopo linalokaa nje ya tangi), nyuma ya sponji nene na seramiki za bakteria (vijiwe wanamoishi bakteria wanaosafisha maji). Ukiitanguliza inaziba upesi, maana inabebeshwa kinyesi na majani, mzigo ambao ni wa sponji. Haya, zamu yenu.

MamaVifaranga

Asante kwa uzi, kaka. Mimi niko upande wa pili kidogo. Tangi la vifaranga silitilii chujio laini hata kwa dawa. Wakiwa wadogo wanakula vijidudu vinavyoelea, na chujio hilo halichagui, linazoa chakula na uchafu kwa pamoja. Sponji ya pampu ya hewa inawatosha, tena utawakuta wamejipanga juu yake wakidonoa.

Kwa wakubwa naweka pedi, ila maji yakishang'aa naitoa. Pedi inapoanza kuziba msiitazame pedi, tazameni uso wa maji. Pale maji yanapotokea pakitulia, utando wa mafuta ukaanza kujitandaza, samaki nao wakipanda juu kuhema, jueni mzunguko umekufa. Maji yanakuwa maangavu na samaki hawana hewa.

Fundi Pampu

Naja na diatomu, maana kuna wanaoliogopa bure na kuna wanaolipenda kupita kiasi. Langu linakaa kabatini. Maji yakigeuka kijani nalitoa, linapiga kazi saa kadhaa, linarudi kabatini. Si chombo cha kuwasha usiku na mchana.

Unga wenyewe ni maganda ya mwani wa kale, ni silika iliyojaa vitundu, na unanasa chembe za mikroni chache tu. Haukai kwenye mfuko, unabandikwa juu ya kitambaa na nguvu ya maji. Unaukoroga kwenye jagi, unaumimina ndani ya chujio, kisha unayaacha maji yazunguke humo humo bila kugusa tangi. Mwanzoni yanatoka meupe pepepe. Yakitoka maangavu ujue unga umeshajipanga kwenye kitambaa, ndipo unageuza mpira kuelekea tangini. Wengi wanakosa subira dakika hizo za mwanzo halafu wanalaumu chujio.

Adui yake mkubwa ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, kinachoushikilia unga hakipo tena, unga wote unadondoka. Umeme ukirudi unasukumwa tangini. Liliwahi kunitokea usiku, asubuhi nakuta kioo cheupe na samaki siwaoni. Walisalimika, lakini siku hizi sitoki nyumbani wala silali bila kulichomoa.

Unga mkavu msiuvute puani, vumbi la silika linaharibu mapafu. Vaeni barakoa, maji yatangulie kwenye jagi, unga ufuate taratibu.

Halafu kuna watu wanalisifia kuwa linatibu ugonjwa wa madoa meupe. Vimelea vinavyoogelea linavinasa, kweli. Vilivyojichimbia chini ya ngozi ya samaki haliviwezi, kwa hiyo matibabu yako palepale. Na kijani kikiondoka, punguzeni saa za taa, la sivyo kinarudi.

Mgeni Majini

Samahanini wakuu, naomba kuuliza humu humu. Maji yangu yana rangi ya chai. Nimeongeza pamba mpaka kanista imeanza kutoa maji kwa kudondosha, rangi haijatikisika.

Kisima

Mkuu, una gogo humo ndani? Basi hiyo ni rangi ya mti iliyoyeyuka. Pamba inashika chembe, kilichoyeyuka kinapita zake. Toa hiyo pamba ya ziada, weka mkaa wa kuchujia, endelea kubadilisha maji kidogo kidogo. Samaki wengi hawana shida na rangi hiyo, shida ni yetu sisi tunaotazama. Amonia, nitriti na nitrati nazo ni hivyo hivyo: maji yanaweza kung'aa na kipimo kikakusomea mabaya.

Nyuzinyuzi

Nizungumzie usafi, maana ndipo hela inapopotelea. Pamba ni ya kutupa. Ukiifua nyuzi zinalala, hazisimami tena, na maji yanatafuta njia ya pembeni. Katriji ya kukunjwa ndiyo inayofufuka. Naipiga maji ya mpira kutoka juu kwenda chini, kunjo moja baada ya jingine, nikiyapanua kwa kidole. Ukilenga moja kwa moja kwa presha unauzamisha uchafu ndani. Kisha naiweka usiku kucha kwenye dawa ya klorini ya kufulia, ile isiyo na manukato wala sabuni, kiasi cha sehemu 1 kwa 20 za maji. Nasuuza sana, nailoweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, naianika mpaka ikauke kabisa. Pua ikisikia klorini, narudia kusuuza na kuloweka. Ndiyo maana nina mbili, moja kazini na moja kwenye kamba.

Hayo ni ya katriji peke yake, jamani! Sponji na seramiki za bakteria zisuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Klorini ikizipitia, bakteria wanakufa na umeanza tangi upya.

Maji Chumvi

Mmetusahau sisi wa baharini. Kwetu chujio laini ni soksi, maji yanaposhuka kutoka tangini kwenda kwenye sampu (tangi la chini la kuchujia) yanapitia humo, mikroni 100 au 200. Ikiziba haikwambii. Maji yanapanda hadi mdomoni na kumwagikia nje, mzunguko uko vilevile, ila hakuna kinachochujwa. Mimi naijua kwa sikio, mlio wa maji unabadilika, unakuwa wa kumwagika.

Naibadilisha kila siku tatu nne hata kama haijaziba, kwa sababu kinyesi kikioza humo kinarudi kwenye maji kama nitrati. Kufua: igeuze ndani nje, ipige mpira, kisha mashine bila sabuni wala kilainishi, halafu juani.

Kisima

Kati ya 100 na 200 unapendelea ipi?

Maji Chumvi

200 siku zote. Ya 100 inaziba mapema mno, naivalisha siku ninayopuliza vumbi kwenye mawe tu, jioni naivua.