Repo ya gemu ya bao imefika GB 3, mwenzangu Tanga hawezi kuivuta

kete_namua
Wakuu, habari za jioni. Tunatengeneza gemu ya bao la kiswahili kwa Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu). Tuko wawili: mimi Dar naandika kodi, mwenzangu yuko Tanga anachonga ubao na kete kwenye Blender, programu ya 3D. Mashimo 32, kete 64, basi. Lakini repo, yaani folda ya mradi tunayoitunza kwa Git pamoja na historia ya mabadiliko yote, imefika GB 3! Jana GitHub, tovuti tunakoiweka, imekataa ubao.blend kwa kuvuka MB 100. Nikaifuta, nikakomiti (nikaliandika badiliko kwenye historia), nikapushi (nikaipeleka GitHub) tena, ikakataa vilevile. Mwenzangu anatumia bando la simu. Akianza kuklon, yaani kuvuta nakala nzima, linakatika njiani. Tufanyeje?

mjomba_piksel
Kuifuta leo hakuiondoi kwenye komiti ya juzi, na unapopushi unapeleka komiti zote. Tuone .gitignore yako, ile orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze.

kete_namua
Sina, mkuu.

dada_wa_sauti
Pole kaka, tatizo limeanzia hapo. Folda ya .godot ni kashe, faili za muda tu, Godot huijenga upya yenyewe. Iandike kwenye .gitignore pamoja na *.blend1, zile nakala za akiba ambazo Blender huziacha ukisevu. Ila .import na .uid, vijifaili ambavyo Godot huviweka kando ya faili zako, zikomiti, tafadhali. Mimi niliziacha .import nikidhani ni takataka. Mwenzangu alipofungua mradi, sauti ya mvua niliyoiseti ijirudie ikapigwa mara moja ikanyamaza. Siku mbili nilisaka kosa kwenye kodi, kumbe seti yenyewe imo ndani ya .import.

Sasa usafi. Nakili folda nzima kwenye flashi kwanza. Kisha, kwenye klon mpya, iondoe .godot kwenye historia kwa filter-repo, chombo cha ziada cha Git:

git filter-repo --path .godot --invert-paths

Itafuta origin (anwani ya repo yako kule GitHub), usishtuke, iongeze tena. Halafu mizigo, yaani faili nzito, ihamie Git LFS, nyongeza ya Git inayoziweka kando:

git lfs migrate import --everything --include="*.blend,*.wav"

Kwenye repo kitabaki kijifaili cha maandishi, mistari mitatu tu, mmoja ukitaja ukubwa wa faili halisi. Historia imeandikwa upya, kwa hiyo pushi kwa --force (kulazimisha), na mwenzako afute yake aklon upya. Akiunganisha na ya zamani, uchafu wote unarudi.

Kuhusu bando, aklon na GIT_LFS_SKIP_SMUDGE=1 ili mizigo isishuke, kisha avute anachokihitaji tu: git lfs pull --include="ubao/"

mjomba_piksel
Hapo umemaliza, dada. Nyongeza: .blend mbili haziunganishiki. Anayechonga afunge kwanza kwa git lfs lock, mwingine asubiri. Na majina yote herufi ndogo: Kete.png na kete.png kwa Windows ni kitu kimoja, kwa Android gemu haitaipata picha.

kete_namua
Nimerudi, wakuu. Filter-repo ilinigomea mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa kwenye folda ya zamani. Kwenye klon mpya ikakubali. Bila mizigo, repo sasa ni MB 38. Mwenzangu ameivuta jana usiku kwa bando lilelile, na asubuhi hii amepushi ubao mpya, shimo la nyumba amelichonga mraba kama inavyotakiwa. Asante sana dada, asante mjomba.