Mistari ya msasa imejitokeza juu ya rangi mpya, kosa liko wapi?

Dereva wa Ndosho
Jambo ndugu zangu wa Goma. Mwezi uliopita nilijaza mastiki kwenye bonyeo la mlango wa nyuma wa gari langu, ni jeusi. Nikapiga msasa namba 80, nikapulizia rangi ya kijivu ya msingi, halafu nyeusi, halafu vanishi. Siku ile mlango uling'aa hadi nikaita majirani. Sasa jua la asubuhi likipiga kwa ubavu naona mistari, na duara zima la mastiki kama alama ya glasi juu ya meza. Rangi niliinunua kwa bei kubwa. Je, nilidanganywa dukani?

Fundi wa Birere
Kijana wangu, usiisingizie rangi. Ni msasa. Namba ikiwa ndogo msasa ni mkali, na 80 inachimba mifereji. Kijivu kikiwa kibichi kinaijaza, lakini kadiri kinavyokauka kinanywea, na mifereji inarudi. Nyeusi nayo haifichi kitu.

80 ni ya kukata mastiki tu. Ifuate 180, kisha 320 mpaka nje ya ukingo. Kila msasa una kazi moja: kufuta mikwaruzo ya uliotangulia. Ukiruka kutoka 80 hadi 400 utasugua mpaka jioni na mikwaruzo iko palepale. Lile duara ni ukingo wa rangi ya zamani uliobaki kama ngazi. Unatakiwa kushuka polepole kama ufuko. Fumba macho, weka kitambaa chembamba chini ya kiganja, pitisha. Ukisikia kidaraja, bado.

Msasa ufunge kwenye kibao, vidole vinachimba. Na mastiki ikiwa wazi usiipige msasa kwa maji! Inanyonya. Nilifanya hivyo zamani kwenye boneti ya mteja, vumbi lilikuwa limenichosha. Baada ya miezi miwili malengelenge, na chini kutu. Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu, na hadi leo naona haya nikikutana naye.

Kijivu kikikauka, pulizia juu yake ukungu mwepesi wa rangi nyeusi. Kisha 400, umalizie na 600 ya maji. Panapobaki weusi ni bonde.

Dada wa Himbi
Mimi napaka pikipiki. Ukichota maji ziwani, yachuje kwa kitambaa. Chembe moja ya mchanga wa volkano ikiingia chini ya msasa inachora mstari ambao 600 haiufuti. Mafuta yasafishe kabla ya kuanza msasa pia, la sivyo unayasukuma ndani ya mikwaruzo. Na kaka, vaa barakoa, vumbi la mastiki si la kuvuta.

Dereva wa Ndosho
Aksanti baba, aksanti dada. Nimekwangua yote, nikaanza upya na kibao. Leo nimepulizia ule ukungu na kupiga 400. Mlango mzima umebaki kijivu safi, ila chini ya kitasa kuna weusi wa upana wa vidole viwili. Niongeze mastiki?

Fundi wa Birere
Pitisha ukucha hapo. Ukinasa, mastiki kidogo, na uanze tena na 180. Usiponasa, kijivu mara mbili kinatosha, lakini kiache kilale usiku mzima kabla hujakigusa.